Kutoka Kandili hadi Sola: Historia ya Mwanga wa Nyumbani katika Nchi ya Igunga

Walioandika historia ya njia ya misafara wametueleza mengi juu ya pembe, watumwa, nguo na bunduki. Habari za mwanga wa nyumbani hazikupata nafasi kubwa katika maandishi yao, labda kwa sababu taa ni kitu kidogo, na kitu kidogo hakivuti macho ya msafiri. Walakini kwa mtu wa kawaida aliyekaa Igunga, Nzega au Unyanyembe, ni bidhaa chache zilizomfunga na barabara ya pwani kila siku kama mafuta ya kuwashia taa. Nguo hudumu mwaka; mafuta ya kibatari huisha kwa siku chache. Nia ya makala haya ni kufuata historia hiyo tangu zama za misafara hata zama zetu za umeme wa jua, na kuonyesha jambo moja: kila mwanga ulioingia nchi hii ulikuja na jina lake, na jina hilo latuonyesha jinsi watu walivyokielewa chombo, na pengine jinsi walivyokosa kukielewa.

Igunga ni wilaya ya Mkoa wa Tabora, upande wa kaskazini-mashariki, katika barabara kuu itokayo Singida kwenda Nzega. Hapo kwanza ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Nzega. Mashariki yake imelala mbuga pana ya Wembere, ambayo wakati wa mvua huwa tope na wakati wa kiangazi huwa vumbi. Kaskazini upo mto Manonga na nchi ya Kishapu. Njia kuu ya misafara haikupita Igunga penyewe. Ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikaingia Unyanyembe kwa upande wa kusini. Stanley alipoelekea Ziwa Viktoria mwaka 1875 aliiacha njia hiyo akashika kaskazini, akaivuka mbuga ya Wembere. Kwa hiyo Igunga haikuwa kituo kikuu, bali nchi ya kando ya njia. Na nchi ya kando, kama ijulikanavyo, hupata bidhaa baada ya wengine na kwa bei kubwa kuliko wengine.

Ili kupima uzito wa bei hiyo, tutazame safari yenyewe. Burton na Speke waliondoka Unguja katika Juni 1857, wakafika Kazeh, yaani Tabora, katika Novemba ya mwaka ule ule. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kwa kawaida yapata frasila 2, ambazo ni kama kilo 32. Mwenye msafara aliyelipa mpagazi kwa miezi mingi hakuona faida ya kumtwika mafuta, kitu kizito, chepesi kumwagika na chenye thamani ndogo kikilinganishwa na nguo na shanga. Ndiyo sababu katika nyumba za bara mwanga wa usiku ulikuwa moto wa kuni, na katika tembe za Waarabu wa Unyanyembe taa ilikuwa alama ya utajiri kabla haijawa chombo cha kazi.

Lugha imehifadhi habari za wakati ule. Neno kandili ni la Kiarabu, na Waarabu walilipata kwa Wayunani na Warumi. Fanusi nalo lilitoka Uyunani likapita Arabuni kabla ya kufika pwani yetu. Mshumaa umejengwa juu ya neno la Kiarabu la nta, likavishwa kiambishi chetu cha m-. Maneno haya matatu yalipanda bara pamoja na lugha ya Kiswahili yenyewe, ambayo wakati huo ilikuwa lugha ya biashara ya Tabora. Tippu Tip, ambaye baba yake alikuwa na makao Tabora, aliacha habari za maisha yake kwa Kiswahili. Heinrich Brode alizitoa Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 20, na Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ikazipiga chapa tena katika 1958 na 1959 pamoja na tafsiri ya Whiteley. Mtu aliyesema lugha ile aliweza kuitaja taa ya pwani hata kama nyumbani kwake haikuwamo.

Mafuta ya ardhini yaliletwa Unguja na merikebu za Marekani katika nusu ya pili ya karne ya 19. Yalipata jina jepesi lisilo na mfano wake katika lugha nyingi: mafuta ya taa. Hayakuitwa kwa jina la nchi yatokako wala la kiini chake, bali kwa kazi yake. Pamoja nayo ilikuja debe, neno lililotoka Bara Hindi, nalo lilikuwa kopo la galani 4, yaani lita 18 na kidogo. Mafuta yalipokwisha debe lilibaki. Likawa chombo cha kutekea maji na kipimo cha mahindi, mtama na mpunga. Hata katika zama hizi, mkulima anayesema amevuna madebe kadhaa hutumia kipimo kilichowekwa na wauza mafuta.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na tawi la Mwanza likamalizika mwaka 1928. Tangu hapo mafuta hayakutegemea bega la mpagazi. Mafundi bati waliyakata makopo wakatengeneza kibatari, kiitwacho pia koroboi, taa ya maskini isiyo na kioo, yenye utambi na moshi mwingi. Mwenye uwezo alinunua chemli, jina lililotokana na neno la Kiingereza la bomba la kioo likingalo moto. Mwenye duka alikuwa na karabai, ambalo yaelekea lilitokana na jina la kabaidi iliyowashwa katika taa za aina nyingine, kisha likahamia taa ya kupampu. Jambo la kuangalia ni hili: katika taa hizi zote sehemu zilijulikana kwa majina. Mtoto wa miaka 7 aliweza kusema kama utambi umekwisha, au mafuta yamekwisha, au kioo kimepasuka. Aliyejua jina la sehemu alijua pia dawa yake.

Umeme uliingia Tanganyika mwaka 1908, Wajerumani walipoweka mtambo Dar es Salaam kwa ajili ya karakana za reli na sehemu ya mji waliyokaa wenyewe. Mwaka 1931 zilianzishwa kampuni mbili, moja ya Dar es Salaam na mitaa yake, na nyingine ya miji mingine, ambayo ndiyo asili ya TANESCO. Serikali ilinunua hisa zake katika 1964, na kufikia 1975 ilizimiliki zote. Hapa tena Waswahili walichagua majina kwa njia mbili. Katika Kenya watu wengi walisema stima, neno lililokuwa kwanza la meli ya moshi, kwa kuwa waliuona umeme kuwa ndugu wa mashine. Upande wetu tuliuita umeme, jina la mwako wa radi, kwa kuwa tuliuona kuwa ni kitu cha mbinguni. Ni jina zuri, ila halimwelezi mtu wa kijijini jinsi umeme unavyozalishwa, wala kwa nini nguzo zinapita mbali na kwake.

Kwa miaka mingi nchi ya Igunga ilijua umeme kwa sauti ya injini tu. Injini za dizeli ziliendesha mashine za kusaga nafaka na za kuchambua pamba, na penye mahitaji makubwa zilizungusha pia mtambo wa umeme. Kisha ikaja taabu ya mafuta. Bei ilipanda duniani mwaka 1973, ikapanda tena mwaka 1979, wakati Tanzania ilipokuwa imebeba gharama ya vita vya Kagera. Katika miaka ile magari ya binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili alasiri ili petroli isimalizike. Ikiwa mwenye gari wa Dar es Salaam alibanwa hivyo, msomaji aweza kukisia hali ya mwenye duka wa bara aliyengoja pipa moja la dizeli lisafirishwe kutoka pwani. Ilionekana wazi kwamba reli na lori hazikuivunja sheria ya zamani ya msafara: aliye mwisho wa njia hupata mwisho.

Baada ya biashara kulegezwa katika nusu ya pili ya miaka ya 1980, majenereta madogo ya petroli yalianza kuonekana kwa wingi. Mambo mawili yaliyaongezea heshima. La kwanza ni televisheni, ambayo Tanzania Bara haikuwa nayo hata 1994, ingawa Zanzibar ilitangulia kwa miaka 20. La pili ni simu ya mkononi, iliyoenea baada ya mwaka 2000. Simu ilibadili kabisa maana ya haja ya umeme. Zamani mtu aliyekosa umeme alikosa starehe. Sasa aliyekosa umeme alikosa kusema na mwanawe aliye mjini, na baada ya 2008 alikosa pia kupokea fedha zilizotumwa kwa simu. Wenye majenereta wakafungua vibanda vya kuchaji simu, na neno kuchaji likaingia katika Kiswahili cha kila siku. Hata waliokwisha kuungwa na gridi walinunua jenereta, maana ukame wa 2006 na upungufu wa 2011 ulileta mgao wa umeme, na kwa wengi neno mgao likapungua maana yake njema.

Jenereta la nyumbani lina sifa moja kubwa na kasoro tatu. Sifa yake ni nguvu: lizungushwapo hutoa kilowati 1 au zaidi wakati wowote, usiku na mchana. Kasoro ya kwanza ni ulaji wake. Injini ndogo hula yapata thuluthi moja hata nusu ya lita kwa saa, ijapokuwa imewasha taa 3 na redio tu, kwa sababu hutumia mafuta mengi kujizungusha yenyewe. Kasoro ya pili ni kelele. Ya tatu ni moshi wake, ambao una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Anayeliwasha ndani ya nyumba iliyofungwa aweza kulala asiamke. Lakini kwa mtazamo wa historia kasoro kuu ni kwamba jenereta ni mtoto wa kandili: huishi kwa kitu kinachopandishwa kutoka pwani.

Umeme wa jua una nasaba nyingine. Mwaka 1839 Edmond Becquerel wa Ufaransa aligundua kwamba mwanga waweza kuzaa umeme. Mwaka 1954 Chapin, Fuller na Pearson, katika maabara za Bell za Marekani, walionyesha seli ya silikoni iliyogeuza kama sehemu 6 katika 100 za mwanga kuwa umeme. Mwaka 1958 seli za namna hiyo zilirushwa angani katika chombo cha Vanguard I. Kwa hiyo chombo hiki kilitumika juu ya mawingu kabla ya kufika chini ya mapaa yetu. Katika Afrika Mashariki tukio linalokumbukwa ni la mwaka 1984, shule ya sekondari ya Karamugi huko Meru ilipowekewa taa za jua na mhandisi Harold Burris. Hapo kabla shule ilikuwa na shauri la kununua jenereta. Mafunzo yaliyotolewa kwa mafundi wa Meru yalisaidia kuanzisha biashara kubwa ya sola za nyumbani katika Kenya, na biashara hiyo haikukaa ndani ya mipaka. Bei ya paneli, iliyokuwa zaidi ya dola 70 kwa wati katikati ya miaka ya 1970, ilikwisha kushuka chini ya dola 1 katika miaka ya 2010.

Tanzania ilianzisha Wakala wa Nishati Vijijini, ulioanza kazi mwaka 2007, na nguzo zimefika vijiji vingi tangu wakati huo. Hata hivyo uchunguzi wa serikali wa mwaka 2016 ulitoa picha iliyowashangaza wengi. Kaya zilizokuwa na umeme katika Tanzania Bara zilikuwa 32.8 katika kila 100. Miongoni mwa kaya hizo zenye umeme, 74.9 katika 100 zilitumia gridi, 24.7 zilitumia sola, na vyanzo vingine, jenereta likiwamo, vilibaki na 0.3 tu. Vijijini sola peke yake iliwapa umeme 64.8 katika kila kaya 100 zenye umeme. Basi swali la jenereta au sola, kwa upande wa taa na simu za nyumbani, wanavijiji walikuwa wamekwisha kulijibu wenyewe. Nchi yenyewe iliwasaidia. Igunga iko yapata nyuzi 4 kusini mwa ikweta, mchana wake hautofautiani sana mwaka mzima, na ukanda huu wa kati ni miongoni mwa sehemu zenye jua jingi zaidi katika Tanzania. Si ajabu kwamba jirani yake Kishapu ndiyo iliyochaguliwa kwa mtambo mkubwa wa jua, ambao mkataba wa awamu yake ya kwanza, ya megawati 50, ulitiwa saini mwaka 2023.

Sasa tuje kwenye jina, maana hapa ndipo penye madhara. Sola katika Kiingereza ni sifa ya kitu chochote cha jua. Katika Kiswahili limekuwa nomino kamili: mtu hununua sola, hufunga sola, na husema sola yake imekufa. Neno moja limebeba paneli iliyo juu ya paa, betri iliyo pembeni, kidhibiti-chaji kilichowekwa kati yao, nyaya na taa. Ulinganishe na kibatari. Anayesema utambi umekwisha hununua utambi. Anayesema sola imekufa hajui anunue nini. Mara nyingi kilichokufa ni betri. Paneli iliyo njema yaweza kudumu zaidi ya miaka 20, lakini betri ya risasi na asidi huchoka baada ya miaka michache, na huchoka upesi zaidi ikiwa kila usiku inamalizwa kabisa badala ya kuachiwa nusu ya nguvu yake. Kwa kukosa jina la ugonjwa, mwenye sola aweza kununua paneli ya pili akaifunga kwenye betri ile ile iliyokufa, kisha akarudi kwenye jenereta akitangaza kwamba jua ni uongo. Na betri yenyewe hutupwa nyuma ya nyumba, nayo ina risasi, ambayo ni sumu kwa watoto na kwa visima.

Kosa la pili limo katika neno wati. Mtu aliyezoea jenereta la wati 1000 hujua kwamba wati zile zipo maadamu mafuta yapo. Anaponunua paneli ya wati 50 hudhani amenunua sehemu ya ishirini ya jenereta, ya kutumia wakati wowote. Sivyo. Wati 50 ni za jua kali la saa sita mchana. Kwa siku njema ya kiangazi, paneli hiyo hukusanya kama wati-saa 200 hata 250. Siku ya mawingu, au vumbi la Wembere likiwa limetanda juu ya kioo, hukusanya pungufu sana. Taa 4 za wati 5 zikiwaka saa 5 hula wati-saa 100. Simu 3 hula kama 30, na redio ya wati 5 kwa saa 6 hula 30 nyingine. Jumla ni 160, nayo yatosha na kubakiza akiba. Lakini ukiongeza televisheni ya wati 30 kwa saa 3, jumla ni 250, na akiba hapana. Hesabu hii ni ya darasa la nne. Kinachokosekana ni neno wati-saa katika kinywa cha muuzaji na cha mnunuzi. Na penye pengo hilo mdanganyifu hupata riziki yake.

Haki yataka tuseme pia kwamba sola ndogo ya nyumbani haiwezi kila kazi ya injini. Mashine ya kusaga na chombo cha kuchomelea vyuma hutaka kilowati kadhaa kwa mara moja. Jua laweza kuvihudumia, lakini kwa mtaji ambao kaya moja ya mkulima wa pamba haina. Kadhalika si kweli kwamba sola imekata kila kamba. Tangu mwaka 2012 zilianza katika Kenya na Tanzania kampuni zinazokopesha sola, na mnunuzi hulipa kidogo kidogo kwa simu. Mpango huu umewafikishia mwanga watu wasioweza kulipa kwa mkupuo. Ila asiyelipa kwa wakati huzimiwa chombo kutoka mbali, na hukaa gizani ingawa jua limewaka mchana kutwa. Zamani mwenye taa alimtegemea mleta mafuta. Sasa aweza kumtegemea mwenye deni na mwenye ujuzi. Mkataba asiouelewa ni mzigo mzito kuliko frasila 2.

Kwa hiyo kazi iliyobaki ni ya wachumi na wahandisi, na ni yetu sisi pia. Wanaistilahi hawakukaa bure. Wametupa nishati, nishati mbadala na nishati jadidifu, na Kenya wamependelea kawi, ambalo kwa Kiarabu lina maana ya nguvu. Majina haya yanafaa vitabu na hotuba za mawaziri. Lakini mkulima wa Ziba au Choma cha Nkola anayesimama mbele ya kaunta ya duka hahitaji jina la falsafa ya nishati. Ahitaji majina ya vipande 4 au 5 anavyonunua, na namna ya kujua kila kimoja kikiugua. Neno sola limekwisha kukubaliwa na watu, na si busara kupigana nalo. Linalotupasa ni kulifanya liwe jina la jumla, kisha chini yake tuweke paneli, betri, kidhibiti-chaji na wati-saa kwa maelezo mafupi. Maelezo hayo yaingie katika kamusi, katika vitabu vya shule za msingi na, zaidi ya yote, katika karatasi ya maelekezo inayowekwa ndani ya sanduku, ambayo mara nyingi huandikwa kwa lugha asiyoisoma mnunuzi.

Wakati huo huo yafaa wanafunzi wetu wapelekwe Igunga, Nzega na Tabora kuandika majina ya taa za zamani na sehemu zake, kwa Kiswahili, kwa Kinyamwezi na kwa Kisukuma, maana wazee waliozitengeneza wanapungua. Kila mwanga uliokuja kwa njia ya pwani ulidumu katika nyumba za watu pale walipopata kuutaja sehemu kwa sehemu. Jua halikuja kwa njia hiyo. Lilikuwapo siku zote juu ya Wembere. Vyombo vyake ndivyo vigeni, navyo vingali vyangoja majina.